Filamu ya mtu asiyetamka neno
Jana usiku nilitazama Un homme qui dort, filamu ya Ufaransa ya mwaka 1974 iliyoongozwa na Georges Perec na Bernard Queysanne kutokana na riwaya ya Perec mwenyewe. Mwanafunzi mmoja wa Paris anaacha kwenda kwenye mtihani, anajifungia chumbani huku soksi zake zikiroweka ndani ya beseni, kisha anazurura mitaani bila kumsemesha mtu. Jacques Spiesser, anayemwigiza, hatamki neno hata moja. Ni sauti ya Ludmila Mikaël inayomsimulia maisha yake mwenyewe, tena kwa utulivu unaokaribia kumsuta. Picha za barabara tupu, zote nyeusi na nyeupe, zilinichosha kidogo katikati, lakini sauti hiyo haikuniruhusu kuizima.