Siku moja maishani mwangu: nauza mpose na mbinzo Kisangani

Saa kumi na moja alfajiri nipo kando ya Mto Kongo, nasubiri mitumbwi inayovuka kutoka Lubunga. Mbinzo, wale viwavi wa mti wa msapeli, huja kwenye magunia wakiwa wameshakaushwa kwa moshi, kwa hiyo hawanipi presha. Presha ni mpose. Hawa ni mabuu ya mdudu anayetaga kwenye mchikichi ulioangushwa, na lazima nimfikishie mteja wakiwa hai.

Saa moja kasoro nachambua. Mpose mzima ana rangi ya maziwa mgando, kichwa chekundu cha kahawia, na ukimgusa anajikunja. Aliyekufa huanza kuwa mweusi, na ukimwacha humo ananukisha beseni zima. Nawatandikia makapi ya mchikichi na kuwaweka kivulini.

Kuanzia saa mbili hadi saa tano nauza, napima kopo baada ya kopo, narudisha chenji.

Saa sita akaja bwana mmoja, papa kama tunavyosema huku, shati limepigwa pasi. Akainua mpose mmoja, akamminya. Akainua mwingine.
"Mama, hiki si chakula cha watu waliokosa nyama?"
"Papa, usiwaminye, wanapasuka."
"Bei gani?"
Nikamtajia. Akacheka, akasema kwa hela hiyo anapata samaki. Nikamweleza kwamba kuna mtu aliingia msituni, akatega sikio kwenye gogo mpaka akasikia wanatafuna, ndipo akalipasua kwa shoka. Yule papa akampigia mkewe simu. Mke akataka mbinzo. Nikafungua gunia. Mke akabadili mawazo. Wakati wote huo jua linazunguka, kivuli kinalihama beseni langu, nami siwezi kulisogeza kwa sababu mkono wake umo ndani. Mwishowe akachukua kopo moja, akaomba na matabisi, yaani nyongeza ya bure. Nikampa, maana mpose niliowaona wakilegea pale chini walikuwa wengi kuliko faida ya kubishana.

Mchana ukaendelea hivyo hivyo, mgongo unauma. Mama anayeniletea mbinzo alipita kudai hela yake, akaniambia misapeli ya karibu na kijiji chao imekatwa mbao. Mti huo hawaukwei: ikifika Agosti viwavi wanashuka wenyewe, watu wanaokota chini. Ukishakatwa, hakuna cha kuokota, na anayetaka mbinzo anatembea mbali zaidi. Ndiyo maana gunia linapanda bei, na wateja wananilaumu mimi.

Giza likiingia, mpose waliobaki nawaosha, nawatia kwenye kikaango bila tone la mafuta. Wanatoa mafuta yao wenyewe mpaka wanaanza kuogelea humo. Chumvi, pilipili, basi. Harufu hiyo ndiyo inayoniuzia kuliko sauti yangu. Vijana wa toleka, teksi za baiskeli, wanasimamisha baiskeli zao, wananunua wachache kwenye jani, wanakula wamesimama. Hakuna aliyeniuliza kama ni chakula cha maskini. Waliuliza kama kesho nitakuwepo.