Siku moja maishani mwangu: fundi simu, antena juu ya bati, na ndege isiyokuwa kwenye ramani

Saa 11 na robo alfajiri

Kabla sijanawa uso nimeshafungua laptopu. Usiku umeme ulikatika, na kipokezi changu hakina betri, kwa hiyo rekodi ina pengo kuanzia saa 8 hadi saa 10. Pengo la namna hiyo huniuma kuliko inavyostahili. Najua angani juu ya mtaa wetu wa Nkuhungu, Dodoma, muda huo huenda hakuna ndege iliyopita, lakini moyo unaniambia zimepita zote.

Kwa asiyejua shughuli yangu: ndege nyingi za siku hizi zina transponda, kifaa cha redio kinachotangaza kila sekunde mahali zilipo, kimo, mwendo na namba ya utambulisho, kwenye megahezi 1090. Tangazo hilo halijafungwa kwa siri yoyote. Ukiwa na sikio, unasikia. Sikio langu ni kidude cha USB kilichotengenezwa kwa ajili ya kutazamia televisheni. Kwenye mwaka 2012 wapenzi wa redio waligundua kwamba chipu yake inaweza kusikiliza mambo mengine mengi. Kimechomekwa kwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Antena nilikata mwenyewe, waya wa sentimita 6.9, robo ya urefu wa wimbi.

Saa 1 asubuhi

Mama mwenye nyumba anafagia uwanja, upepo wa Dodoma unamrudishia vumbi lote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiyo fimbo yako juu ya bati haitatuletea radi?"

Namwambia mvua bado. Tangu mwaka jana anaamini ni king'amuzi, na hanielewi kwa nini sijawahi kumwita kuangalia taarifa ya habari.

Saa 3 asubuhi

Kibandani, karibu na soko la Sabasaba. Simu tatu zinanisubiri: moja imeingia maji, moja kioo, ya tatu mwenyewe anasema "imegoma tu".

Kando ya meza nina skrini ndogo inayoonyesha orodha ya nyumbani. Saa zake ni za Zulu, yaani saa ya kimataifa, na hapa Waswahili tuna bahati ambayo sijaona mtu akiisema. Saa ya simu iko mbele ya Zulu kwa saa tatu, na saa yetu ya Kiswahili iko nyuma yake kwa saa tatu. Zulu imekaa katikati kabisa. Ikiandika 06:00, simu inasema 09:00, mimi nasema saa 3 asubuhi. Mwanzoni nilikosea sana, sasa naihesabu kama chenji ya daladala.

Kijana wa UDOM aliyeleta simu ya kioo ameiona skrini. "Dada fundi, hizi za jeshi si ni siri? Mbona zinaonekana?"

Nikamweleza huku nachokonoa gundi. Ndege ya jeshi inapopita njia za ndege za abiria inahitaji kuonekana ili isigongane nazo. Ikitaka kujificha, rubani anazima. Kwa hiyo ninachokiona ni kile walichokubali kionekane. Nikampa mfano wa tarehe 2 Agosti 2022, Nancy Pelosi, wakati huo Spika wa Bunge la Wawakilishi la Marekani, alipokwenda Taiwan na ndege ya jeshi la anga la nchi yake yenye jina la mwito, yaani la kujitambulisha redioni, SPAR19. Kutoka Kuala Lumpur ilizunguka mashariki ya Ufilipino badala ya kukata Bahari ya China Kusini, na watu milioni 2.92 waliifuatilia kwenye Flightradar24, tovuti ya ramani ya ndege. Safari ilikuwa ya siri mpaka ikawa na watazamaji kuliko mechi ya watani.

Akauliza kama naziona na za kwetu. Za jeshi letu sizirekodi wala sizisemi. Hilo nimejiwekea mwenyewe, na mazungumzo yakaishia hapo.

Saa 6 na dakika 40 mchana

Nina tonge la ugali wa uwele mkononi, mlenda unavutika, mstari mpya unatokea. Namba inaanza na AE. Herufi hizo mbili mwanzoni ni za majeshi ya Marekani. Kimo futi 34,000. Kwenye ramani: hakuna kitu.

Maana yake transponda inajibu lakini haitangazi mahali ilipo. Rada za usafiri wa anga ziko Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Zinauliza kwenye megahezi 1030, ndege inajibu kwenye 1090. Rada ziko mbali mno nisizisikie. Nasikia jibu bila swali, kama jirani anayeongea na simu nyuma ya ukuta. Baada ya dakika chache likaja jina la mwito, linaanza na RCH. Hiyo ni Reach, wasafirishaji wa jeshi la anga la Marekani. Nikaitafuta ile namba kwenye tovuti ya ADS-B Exchange, ambao hawafichi ndege za jeshi: C-17, ya mizigo.

Iko wapi? Vingekuwepo vipokezi vinne vinavyoisikia kwa pamoja, tofauti ya muda wa kufika kwa mawimbi ingetosha kupata mahali. Huku katikati ya nchi niko karibu peke yangu. Ikabaki hesabu ya kidole. Niliisikia dakika 23. Kwa mwendo wa kilomita 830 kwa saa, hiyo ni kilomita kama 320. Kwa kimo kile masikio yangu hufika kilomita 400 kila upande. Ingepita juu ya kichwa ningekaa nayo karibu saa nzima. Basi imegusa ukingo tu. Au imepita magharibi, ambako tenki la maji la jirani linanizibia. Mlenda ulipoa.

Saa 9 alasiri

Kundi la familia limechafuka. Skrinishoti: ndege kumi na kitu za njano zimejaa Afrika, maandishi mekundu, "WAMEINGIA". Baba mdogo wa Kondoa ananifuata pembeni: "Mwanangu, wewe ndiye mtu wa ndege. Ni kweli?"

"Shikamoo baba mdogo. Si kweli." Ramani ile ina kitufe cha kuonyesha za jeshi peke yake, ukikibonyeza, ndege zote za abiria zinatoweka na dunia inaonekana imevamiwa. Tena ukiiangalia kwa mbali, alama ya ndege moja inafunika Singida nzima. Saa ya picha imekatwa, nayo ndiyo ya kwanza kuangalia.

"Kwa hiyo hakuna ndege yoyote?"

Hapa nilipaswa kunyamaza. Lakini mimi ni mtu wa kumbukumbu, siwezi kusema hakuna wakati ipo. Nikamwandikia: ipo moja ya mizigo, imepita mbali, imebeba nini sijui, huenda ni vipuri au maboksi ya chakula.

Saa 12 na nusu jioni

Simu ya maji imekufa, mbili zimepona. Elfu kumi na tano mfukoni.

Saa 2 usiku

Nimepanda ngazi na tochi mdomoni, nahamisha antena pembe ya pili ya bati, mbali na lile tenki. Mama mwenye nyumba ameshika ngazi huku analalamika. Orodha ilikuwa na ndege nne. Sasa zipo saba, na moja ni ya Addis Ababa kwenda Johannesburg, upande uleule wa magharibi niliokuwa kiziwi.

Simu inatetemeka mfukoni. Shangazi wa Manyoni amenitumia ile skrinishoti yenye maandishi mekundu. Chini yake pameongezwa mstari: "IMETHIBITISHWA NA MTAALAMU WETU WA NDEGE DODOMA."