Nilivyolielewa neno "counteract" nikimwogesha mwanangu

Nina duka la pembejeo hapa Busia, upande wa Uganda. Mwaka juzi nilitaka kibao cha Kiingereza cha kutangaza chokaa ya shambani, na kwenye karatasi ya maelezo kulikuwa na neno "counteract" ambalo sikulijua. Jirani mmoja anayesifika kwa Kiingereza akaniambia, "Hilo ni kumshambulia aliyekushambulia." Kumbe hiyo ni "counterattack", neno jingine kabisa! Jambo hilo linaniudhi hadi leo, maana alisema bila kusita.

Fundi alinitoza elfu arobaini hivi, akaandika: "Our lime counteracts against soil acidity." Wiki mbili baadaye mwalimu mmoja mstaafu akasimama akakisoma. "Mama, hiyo against inatafuta nini hapo? Counter asili yake ni Kilatini, contra, yaani dhidi ya. Umesema dhidi mara mbili." Nikalipa tena kifutwe.

Lakini maana yenyewe haikuniingia mpaka jioni ile. Maji ya kumwogesha mtoto yalikuwa yametoka jikoni yakitokota. Nikawa namimina ya baridi kidogo kidogo, nachovya kiwiko, naongeza, nachovya tena. Mvuke ukapungua. Nikabaki nimeshika kata: si ninazimua! Maji ya baridi hayakuyafukuza ya moto. Yote yamo katika beseni moja, yanavutana, na makali yamekwisha. Chokaa nayo ndivyo inavyouzimua uchachu wa udongo, taratibu, kwa miezi, mpaka mizizi ya mahindi ipate nafuu.

Siku hizi nikikutana nalo najiuliza: nini kinazimua makali ya nini? Vyote viwili vitajwe, bila against katikati. Dawa huzimua sumu, magadi huzimua asidi. Hasimu wako usimtumie neno hili. Linapenda athari kuliko watu. Wala si lazima kitu kiishe kabisa, kupungua nguvu kunatosha. Faida ikifidia hasara kwenye daftari, hapo "offset" inakaa vizuri zaidi. Na ukilitamka, mkazo uweke mwisho, kwenye act.

Kibao kipya kina maneno manne: "Lime counteracts soil acidity." Juzi mkulima mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka aliniuliza hilo neno refu ni nini. Nikaingia ndani, nikatoka na birika la moto, jagi la maji baridi na beseni.