Marejesho ya Giza

Mwaka 2019 nilikuwa nimemaliza chuo, ajira sina, najitolea kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata moja huko Ilemela, Mwanza. Kazi yenyewe ilikuwa kujaza fomu za watu. Mwaka mmoja kabla ya hapo sheria ilikuwa imezibana halmashauri zote nchini zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Habari zilisambaa haraka. Vikundi vikaota kila mtaa, na kila kikundi kilitaka kutembelewa kwanza kabla hakijazungumza habari za benki.

Afisa wangu, dada asiyependa maneno mengi, alinikabidhi bahasha ya fomu na nauli ya daladala, akanielekeza Igombe. Huko ni kupita uwanja wa ndege, unaendelea hadi harufu ya dagaa ikufikie kabla ya stendi. Juu ya mwalo, yaani ufuko wanakotua wavuvi, kuna kilima cha mawe, na watu wamejenga humo humo. Mgeni wa Mwanza hupelekwa kupiga picha kwenye mwamba wa Bismarck akaondoka akidhani ameliona Jiji la Miamba. Pale Igombe mwamba ni ukuta wa jiko la mtu. Nyumba nyingine mlango wake huuoni mpaka uiname upite chini ya jiwe lililolala juu ya jiwe jingine, na mwenye nyumba hana wasiwasi nalo hata kidogo. Maji yanabebwa kwa madumu kutoka chini, na kadiri unavyokaa juu ndivyo dumu linavyokugharimu.

Fomu ilikuwa na maswali yale yale ya siku zote: jina la biashara, eneo la biashara, mtaji wa kuanzia, changamoto, uwezo wa marejesho kwa mwezi. Kwenye changamoto watu wote nchi hii wameshajua cha kujibu. Watakwambia mtaji, hata kabla hujamaliza swali. Jibu hilo halina uongo, ila halikufundishi chochote kuhusu mtu aliye mbele yako.

Mwenyekiti wa kikundi nilimkuta juu ya bamba la mwamba, pana kuliko ukumbi wa shule, akilifagia kwa chelewa. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikaongeza, "Mwangaluka, mayu." Akacheka mpaka akaegemea ufagio.

"Wewe ni Mhaya. Kisukuma chako kimevaa suti."

Ni kweli, kwetu Muleba. Baada ya hapo alinichukulia kama mtoto wa jirani, na nadhani ndiyo sababu hakunijibu kwa majibu ya semina. Nilipofika kwenye "eneo la biashara" aligonga mwamba kwa kisigino. "Hili hapa. Andika jiwe."

Akanieleza. Dagaa wakianikwa mchangani wanakauka, lakini wanabeba mchanga. Mnunuzi wa soko la Mwaloni kule Kirumba anachota konzi, anasugua kiganjani, akisikia chenga anashusha bei bila hata kukutazama usoni. Wa Kongo ndio hawataki kabisa kusikia. Wenye uwezo wanajenga chanja za nyavu. Yeye na wenzake wana jiwe, ambalo halikuhitaji fundi wala mbao. Likipata jua hadi saa tano linachoma kwa chini huku jua likichoma kwa juu, na dagaa unawageuza mara moja tu. Adui ni mvua. Dagaa wakinyeshewa wanabadilika rangi, na hapo hawana soko la mtu tena, wanaishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa.

"Na leo hujaanika?" nikamuuliza, maana jiwe lilikuwa tupu na jua kali.

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, jana usiku ulilala na taa au bila taa? Hukuona mbalamwezi?"

Nilikuwa najua, kama kila aliyekulia ziwani anavyojua, kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai na sasa hivi za sola, na kwamba usiku wa mwezi mpevu taa ya mvuvi haina nguvu: dagaa hawakusanyiki. Mitumbwi inapandishwa ufukweni siku kama kumi hivi, mpaka mwezi uanze kuchelewa kuchomoza. Hilo nililijua la majini. Sikuwahi kukaa nikafikiri kwamba mlimani nako kuna watu ambao mfuko wao unafuata mwezi huo huo.

Siku ile mbalamwezi ilikuwa inaisha. Jioni yake mitumbwi ingeingia ziwani, ndiyo maana alikuwa anafagia.

Siku ambazo hakuna dagaa, wanawake wale wale wanashika nyundo. Upande wa pili wa mwamba kulikuwa na malundo ya kokoto na akina mama wamekaa wamefunga vipande vya mpira vidoleni. Mwamba hauvunjwi kwa nguvu. Jioni wanawasha moto juu yake, kuni na tairi chakavu, unawaka hadi usiku. Asubuhi tabaka la juu limeachia kama ukoko wa wali. Ndipo linapopondwa, kidogo kidogo, mpaka ndoo zijae na lori lije. Kazi mbaya kwa macho na kifua, na hela yake ndogo. Lakini inalisha watoto siku ambazo ziwa limefunga.

Katikati ya dagaa na kokoto niliona mstari mwekundu wa rangi ya mafuta, umepigwa juu ya mwamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikadhani ni mpaka wa kiwanja. Mama akasema ni mpaka wa moto. Kuna kipindi wagonga kokoto walisogea na matairi yao, jiwe likanywa harufu, na dagaa walioanikwa pale wakanuka mpira. Wanunuzi wakakataa. Kukawa na ugomvi, na ugumu wake ni kwamba waliogombana ni watu wale wale: mtu anajikosesha mwenyewe hela ya giza, siku zisizo na mwezi ambazo dagaa wanavuliwa, kwa tamaa ya hela ya mbalamwezi. Wakakaa kikao, wakamwita fundi rangi, akapiga mstari. Malipo yake yalikuwa kisado cha dagaa.

Nilitaka kumwona huyo fundi. Nikashuka, na njiani nikapita kwa Mangi kununua maji.

Duka la Mangi lilikuwa limebanwa kati ya mawe mawili na yeye ndani yake, mtu wa Rombo, kofia ya sufu kichwani na joto lote lile. Kwenye ukuta alikuwa na kalenda ambayo amechora viduara kwa kalamu, vyeusi na vyeupe. Daftari la madeni alikuwa ameligawa vivyo hivyo. Mbalamwezi anakopesha unga, mafuta, sabuni, vocha. Giza likiingia hadai siku ya kwanza wala ya pili, kwa sababu dagaa bado wako juani. Anaanza kudai siku ya tano.

"Siku ya nne mtu hana, ya sita kashatumia," akaniambia. "Kwetu mlima una baridi, huu una madeni."

Nilimuuliza kama amesomea biashara. Akasema alisomea udereva. Mpaka leo naamini daftari lile lilikuwa na akili kuliko nusu ya mihadhara niliyokaa chuoni, na sisemi hivyo kwa kumfurahisha Mangi, ambaye alinitoza maji bei ya mlimani.

Fundi rangi nilimkuta mwaloni, amechuchumaa ubavuni mwa mtumbwi uliolazwa juu ya magogo, mafundi wengine wakisindilia pamba kwenye nyufa. Nikajitambulisha. Akaitazama fomu, akanirudishia.

"Mdogo wangu, mimi nina miaka 38. Serikali imenitoa kwenye ujana, na uanamke sina. Usipoteze wino."

Alikuwa sahihi: wakati huo mkopo wa vijana uliishia miaka 35. Nikaiweka fomu mfukoni, nikakaa juu ya gogo. Mazungumzo yaliyofuata ndiyo ninayoyakumbuka kuliko yote ya siku ile, labda kwa sababu hayakuwa na kisanduku cha kujaza.

Msimu wake ni kinyume cha watu wote. Wenzake wakivuna, yeye hana kazi, kwani mitumbwi iko majini. Mitumbwi ikipandishwa, kazi inamjaa, lakini wenye mitumbwi hawana hela. Rangi haikopeshwi mjini. Kwa hiyo alijiwekea utaratibu: mwenye mtumbwi analeta kopo la rangi, yeye anatoa mkono, na mkono unalipwa giza likiingia. Anatoza kwa herufi, shilingi 500 moja. Kuna mzee alitaka "Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame", pande zote mbili. Alipohesabiwa, akasema andika "Subira".

Ninachokumbuka zaidi ni mikono yake. Hakuanza na herufi ya kwanza. Alihesabu herufi za jina, akatafuta ya katikati, akaipaka hiyo kwanza, kisha akaenda kushoto na kulia, ubao ukipinda naye anapinda. Ukianzia mwanzo, alisema, utafika mwisho ubao umekwisha na herufi mbili ziko mkononi.

Nikamuuliza nani anasoma majina hayo ilhali wanavua usiku. Akaweka brashi chini, akanyoosha kidole juu kilimani, kwenye bamba la mwamba.

"Wale. Asubuhi wamesimama pale juu. Mtumbwi mtupu unaelea, jina lote linaonekana. Ukiwa na mzigo unazama. Mimi naiweka herufi mahali ambapo mzigo ukiwa mzuri, miguu ya herufi inagusa maji. Mama akiona jina limelowa miguu, anashuka mbio na hela. Akiona jina kavu, anarudi kulala."

Sikuamini mara moja. Nilidhani ananipamba. Nikamuuliza wenye mitumbwi wanaonaje, kwa sababu wanunuzi wanaojua mzigo kabla haujafika ni wanunuzi wenye kauli. Akacheka. "Wengine wananiambia jina nipandishe juu. Napandisha. Ni hela yao." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kidogo kwamba mke wake anaanika kwenye lile jiwe.

Nilirudi kilimani kumaliza fomu. Nilipofika kwenye "marejesho kwa mwezi", nikamweleza mwenyekiti kwamba itabidi kikundi kipeleke hela benki tarehe ile ile kila mwezi. Akaniuliza tarehe gani. Nikasema watakayoichagua wao.

"Hakuna hiyo tarehe," akasema. "Tarehe 15 ya mwezi huu giza, ya mwezi ujao itasogea, baadaye iko mbalamwezi kabisa na sisi tunagonga kokoto. Utatukuta hatuna, mtatuita wadaiwa sugu. Marejesho tupangieni giza. Andika siku ya tano."

Nikaandika hivyo hivyo: siku ya tano ya giza. Ofisini afisa wangu alisoma, akanyamaza, akauliza hiyo siku iko wapi kwenye kalenda ya mhasibu. Nikamweleza yote, na jiwe, na mstari mwekundu, na miguu ya herufi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanirudishia fomu.

"Nimekuelewa, lakini mfumo unataka tarehe. Rudi ukazilete, zote za mwaka."

Wiki iliyofuata nikapanda tena. Mwenyekiti akanichukua hadi kwa Mangi, kalenda ikashushwa ukutani, na wao wawili wakaanza kubishana kuhusu viduara huku mimi nimeshika kalamu. Kisanduku cha marejesho kilikuwa na upana wa namba moja. Niliandika tarehe zote 12 humo ndani, zikisogea mwezi hadi mwezi, nyingine zikapanda pembeni mwa karatasi.