Hezekia Aliomba, na Tini Ikawekwa Juu ya Jipu

Somo: 2 Wafalme 20:1–7

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Hezekia alipoambiwa atakufa, aligeukia ukutani, akaomba na kulia sana. Isaya alikuwa hajafika mbali alipoamriwa arudi na ahadi: mfalme ataponywa, ataongezewa miaka 15. Habari ingeweza kuishia hapo. Lakini nabii huyohuyo aliyeleta ahadi ndiye aliyeagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu, na hatusomi kwamba mfalme aliikataa dawa kwa sababu ameshaombewa.

Aliyetoka kliniki na jibu la kisukari aina ya pili mara nyingi hupokea maneno mawili siku moja. Daktari anampa vidonge, halafu mtu wa karibu anamnong'oneza, "Usiukiri ugonjwa." Neno hili la pili lina hatari yake, kwa sababu sukari iliyozidi haiumi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka akihisi kiu kidogo tu na kuamka usiku kwenda haja ndogo, au asihisi chochote, huku mishipa midogo ya macho na figo, na neva za miguuni, zikiharibika. "Najisikia vizuri" si kipimo.

Vipimo ni hivi: sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 mmol/L (126 mg/dL) au zaidi, au HbA1c (kipimo cha damu cha wastani wa sukari) ikiwa asilimia 6.5 au zaidi, hicho ni kisukari. Asiye na dalili hurudiwa kupimwa kabla ya kuthibitishiwa, na kuomba kurudiwa si ukosefu wa imani. HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kwa hiyo kujinyima siku tatu kabla ya kliniki hakumdanganyi mtu.

Tusimhukumu pia kwamba amejitakia kwa kupenda vitamu. Mwili wake hauitikii inavyopasa insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari, na kongosho limejilazimisha kutoa zaidi hadi likaelemewa. Urithi wa familia umo humo, uzito umo, umri umo.

Dawa ya kwanza kwa wengi ni metformini. Huanza kwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 500 pamoja na chakula, kisha hupandishwa taratibu. Tumbo likivurugika wiki za mwanzo, wengi huiacha kimyakimya wakidhani imewakataa. Kwa kawaida hali hiyo hupungua. Isipopungua, mwambie daktari, ipo aina inayoyeyuka polepole. Ukisahau kidonge, usimeze viwili kwa mpigo.

Unapojipima nyumbani, nawa kwa sabuni na ukauke kabisa kwanza. Utomvu wa tunda kwenye kidole unatosha kupandisha namba na kukutia hofu ya bure. Choma pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati, na badilisha vidole. Kisha andika namba pamoja na saa na kama umekula, maana namba tupu haimsaidii daktari.

Kufunga kunahitaji uangalifu zaidi. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, lakini insulini na vidonge kama glibenklamidi na gliklazidi huweza kuiangusha vibaya ukikaa bila kula. Zungumza na daktari kabla ya mfungo, si siku ya tatu ya mfungo. Ukitetemeka, ukitokwa jasho, moyo ukienda mbio au mawazo yakichanganyika, jipime. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, fungua mfungo papo hapo: gramu 15 za sukari ya haraka, yaani vijiko vitatu vya chai vilivyokorogwa kwenye maji au nusu glasi ya juisi. Subiri dakika 15, jipime tena, rudia ikiwa bado iko chini, kisha kula chakula. Asiyeweza kumeza asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali. Ikipanda zaidi ya 16.7 mmol/L pia, mfungo huo umekwisha. Sadaka ya namna hiyo Mungu hajaidai.

Na ushuhuda? Upo. Wapo waliopunguza uzito mwingi, hasa miaka ya mwanzo, sukari yao ikatulia bila dawa. Madaktari huhesabu ametulia pale HbA1c inapobaki chini ya asilimia 6.5 kwa angalau miezi mitatu baada ya kuacha dawa, na bado hupimwa kila mwaka kwa sababu inaweza kurudi. Kwa hiyo dawa iachwe na daktari mwenye majibu mkononi, isiachwe madhabahuni.

Macho na figo vipimwe sasa hivi, si baadaye, kwa kuwa aina hii huenda ilianza zamani bila kujulikana. Miguu ikaguliwe kila jioni, nyayo na katikati ya vidole. Aliyepoteza hisia hukanyaga msumari asijue.

Tukienda kumwombea ndugu huyu, tumuulize pia kama vidonge vya leo amemeza na tarehe ya kliniki ni lini. Mmoja wetu ajitolee kutembea naye dakika 30, siku tano kwa wiki. Na kwenye ibada ya nyumbani, maji yawekwe mezani pamoja na soda, bila kutangaza yamewekwa kwa ajili ya nani.