Hakuwa anauliza mambo ya bundi

Leo Jumapili usiku na bado naisikia sauti ya kijana wetu mmoja. Haikuwa na hasira hata kidogo. Ingekuwa na hasira ningeshaisahau.

Ilikuwa Jumanne, stejini Juja Road, tumetoka ile shule ya Huruma niliyowasimulia mwezi uliopita. Vijana wengine walikuwa wametangulia na mabango. Nimebaki na kijana huyo, yule wa kofia ya njano, tunangoja matatu, nami nimejaa furaha kwa jinsi darasa lilivyokwenda. Akasema, macho yake barabarani: "Madam, yule mtoto hakuwa anauliza mambo ya bundi."

Muhula huu tunapita shuleni tukifundisha kuhusu ndege wa usiku. Nabeba matonge matatu ya bundi ndani ya kikopo cha siagi. Bundi hana meno, humeza panya mzima, na zile nywele na mifupa isiyosagika hujikusanya tumboni ikawa tonge, akalitema. Ukilichambua polepole kwa kijiti cha meno unakutana na fuvu dogo kama kucha ya dole gumba, meno mawili ya mbele bado yamepiga manjano. Hapo darasa zima husimama. Hata wale wa nyuma waliokuwa wakipigana mateke hupanda juu ya madawati waone.

Katikati ya zogo hilo, msichana mmoja wa Gredi 4, sweta yake imetiwa kiraka kiwikoni kwa uzi wa bluu, akainua mkono. "Ticha, si huyu ndiye alilia juu ya mabati yetu, shosho akafa?" Shosho, yaani nyanya yake.

Nami nikajibu. Nililijibu swali hilo kama mtu aliyelingoja mwaka mzima. Nikasema bundi si ndege wa uchuro, hizo ni imani za zamani. Nikasema analia kumwita mwenzake na kuwaonya wengine wasiingie mahali pake. Nikaeleza kwamba shingo yake ina pingili 14, yetu 7, ndiyo maana anaweza kuangalia nyuma bila kugeuza mwili. Nikafika hadi kwa wale wauzaji wanaopita vichochoroni na spika, dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, nikaeleza jinsi bundi anavyomla panya aliyelishwa sumu naye akafa. Watoto wakaandika. Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yule msichana akaketi.

Sikumwona akiketi. Hilo ndilo linaloniuma. Nakumbuka pingili zangu 14, simkumbuki uso.

"Alikuwa anauliza nini basi?" nilimwuliza kijana pale stejini.

"Hakuwa anauliza. Alikuwa anatuambia shosho yake amekufa."

Matatu ikasimama, akanishikia mfuko nikapanda, mlango ukafungwa. Yeye hukata kwa miguu. Mpaka Ngara nilikuwa bado nautafuta utetezi. Kwamba ni kazi yangu kusahihisha. Kwamba bundi wanauawa kwa mawe mjini humu kwa sababu ya maneno hayohayo. Hayo yote ni kweli, na nitaendelea kuyasema kila shule itakayonifungulia lango. Lakini mtoto alikuja na msiba, mimi nikamrudishia somo.

Na ni mimi ninayewafundisha vijana kusikiliza! Kila Februari tunawapeleka vijana wapya Karura, msitu ambao Profesa Wangari Maathai alipigwa akiutetea Januari 1999, wengi wao wakiwa hawajazaliwa. Tunaketi kwenye nyasi, nawaambia: mama mboga akikwambia hataki mti mbele ya kibanda chake kwa kuwa unaficha wezi, usianze na hewa safi. Mwulize aliibiwa lini. Mwache amalize. Kijana wa kofia ya njano alikuwa kwenye kundi la mwaka juzi, na sasa naona alikuwa akinisikiliza vizuri kuliko nilivyojisikiliza.

Jumatano usiku nikafungua ripoti. Kuna sehemu tunayojaza imani potofu zilizozungumziwa. Nilikuwa nimeshaandika: "Mtoto mmoja aliamini bundi alisababisha kifo. Ilirekebishwa." Niliiandika Jumanne jioni, baada ya yale maneno ya stejini, kwa mazoea tu ya mkono. Nilikaa nalo neno hilo, ilirekebishwa, mpaka chai ikapoa. Siku hiyohiyo wafadhili walikuwa wametuongezea mwaka mmoja, na Jumamosi tukampeleka mdogo wangu kwenye ruracio, sherehe ya mahari, yote yakaenda salama, nitawasimulia siku nyingine.

Alhamisi nikawatumia vijana nauli kwa M-Pesa. Yule wa kofia akajibu kama anavyojibu siku zote: "Asante madam." Niliyasoma maneno hayo mawili mara nyingi, natafuta kama kuna kitu kimepungua. Hakikuwepo. Nikampigia. Nikamwuliza kama ana nafasi asubuhi anisindikize Huruma, hatuna kipindi, ni mimi tu nina jambo. Akasema, "Sawa, niko." Hakuuliza jambo gani.

Tulifika wakati wa mapumziko. Mwalimu akamwita yule msichana, naye akaja taratibu kama anayedhani amekosa. Nikachuchumaa. Nikamwambia, "Pole kwa shosho. Siku ile sikukwambia pole."

Akaangalia viatu vyake. Halafu akasema, "Alikuwa anauza omena."

Nikamwuliza wapi. Akanionyesha kwa kidole, kule nyuma ya ukuta, kana kwamba meza bado ipo. Akasema shosho alikuwa akipima kwa kikombe cha bati kisha anaongeza kidogo kwa mkono. Akanionyesha na mkono wenyewe unavyofanya, vidole vitatu, haraka, kama kutia chumvi. Akarudia. Kisha, ghafla: "Ticha, bundi anakula omena?"

Nikamwambia bundi wa lile tonge hapana, lakini yuko mwingine mkubwa, rangi ya kahawia, anayevua samaki usiku kwa kucha, na hapa Kenya anaishi kule Mto Tana. Akafungua macho.

"Huyo shosho angemfukuza na ufagio," akasema, akacheka, kijana wa kofia akacheka, nami machozi yakanilengalenga huku nacheka. Kengele ikalia akakimbia. Tangu hapo nimekuwa mwepesi, nikipika nauona ule mkono ukiongeza omena. Ripoti nimeifuta mstari ule. Nimeandika tu kwamba mtoto mmoja amefiwa na nyanya yake, na kwamba tumrudie kabla shule hazijafungwa.

Baba Watoto anakohoa tena chumbani. Sasa ni wiki ya tatu. Anasema ni vumbi la saiti, na kwamba kazi ikifika juu, kwenye paa, vumbi litaisha. Jana pale ruracio alitoka nje mara mbili wakati wazee wanaongea, na aliporudi alikuwa amekunja leso yake ndogo sana mkononi. Sikupenda alivyoikunja. Kesho haendi saiti kabla hajapimwa, hata ikibidi nisimame mlangoni.