Kola ya Mchungaji

Kalamu yangu ya wino ndiyo iliyonitia aibu. Yule mama wa zamu kwenye chumba cha kutazamia picha za kale aliichukua kwa ncha za vidole kama mtu anayeokota mende, akaiweka kwenye droo, akanipa penseli. Ndipo akaniletea Samuel Ampzing.

Ilikuwa Januari 2012, nikisoma Uholanzi. Mwalimu alitaka kila mmoja wetu achague picha moja ya kuchapa ya karne ya 17, akaitazame yenyewe kwa macho yake. Wenzangu walihangaika wiki nzima. Mimi nilichagua jina la juu kabisa kwenye orodha, nikapanda treni kwenda Haarlem.

Ampzing alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti hapo hapo mjini, tena mshairi na mwanahistoria. Mwaka 1628 alitoa kitabu cha kuusifu mji wake, na mchoraji Frans Hals akatajwa humo. Hals naye alimchora, kwa rangi, juu ya kipande cha shaba kisichofika ukubwa wa daftari la shule. Baadaye Jonas Suyderhoef akaichonga sura ile ile kwenye bamba lake la shaba ili ichapwe karatasini. Ampzing mwenyewe alifariki 1632.

Hayo nilikwisha kuyasoma. Nilipoinama na kioo cha kukuzia, nikaona hapana kijivu hata chembe. Kivuli cha shavu, ndevu, mikunjo ya ile kola pana iliyomkaa shingoni kama sinia, vyote ni mistari ya wino na karatasi tupu. Mstari unaanza mwembamba kama unywele, unanenepa, unakonda tena, unapotea. Mistari hiyo naijua. Baba yangu ni sonara Mji wa Kale, Mombasa, na likizo zangu zote za utotoni niliketi miguuni pake akichora majina ya maharusi kwenye bangili. (Huko Ulaya nako, kazi hii ya kuchonga picha ilianzia kwa masonara. Hilo darasani lilinipita.)

Niliomba ruhusa, nikaipiga picha kwa simu. Jioni nikamtumia, kisha nikampigia.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mwanangu. Nani huyu, padri?”

“Mchungaji, Baba. Msomi mkubwa wa zamani.”

Kimya. Kisha nikamsikia akiguna, ile guna yake ya kuletewa pete iliyotengenezwa na fundi mwingine.

“Hii kola,” akasema. “Huyu hakuzungusha mkono. Mkono kautuliza, akawa anazungusha bamba. Lazima alikuwa na kifuko cha ngozi chini yake, kama changu.”

Nikamwuliza, na uso je?

“Uso mzuri,” akajibu upesi, akarudi kwenye kola.